Sabuni yenye vimeng'enya: Tusitoe hukumu kabla ya kujua inavyotengenezwa

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, tumeletewa swali kutoka Bombo, katika milima ya Upare, wilayani Same. Muulizaji anasema kuwa yameenea maneno kijijini kwao kwamba sabuni za unga ambazo pakiti zake zimeandikwa kuwa zina vimeng'enya zinatengenezwa kwa nguruwe, na kwamba nguo iliyofuliwa kwa sabuni hizo haisihi kuswaliwa nayo. Wapo kina mama waliokwishazitupa sabuni walizozinunua kwa fedha za jasho lao, na wapo waliorudia kufua kanzu na mabuibui ya nyumba nzima. Anauliza: je, maneno hayo ni ya kweli?

Swali hili tunalipokea kwa heshima, kwani anayeuliza kuhusu tohara ya nguo yake ni mtu anayeijali swala yake. Lakini tunaona kuwa jibu la "ndiyo" au "hapana" peke yake halitamfaa. Kesho yatakuja maneno mengine kuhusu jibini, keshokutwa kuhusu dawa, na mtondo kuhusu maziwa ya watoto, na kila mara tutakuwa watu wa kutupa vitu jalalani kwa uvumi. Lililo bora ni kukifahamu kitu chenyewe, kwani wanazuoni wetu wametufundisha kuwa hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa jambo hilo.

Basi kimeng'enya ni nini? Ni aina ya protini inayotengenezwa na viumbe hai ili kuharakisha kazi fulani ya kikemia. Mate yetu yana kimeng'enya kinachovunja wanga, ndiyo sababu kipande cha muhogo kikitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu. Nafaka iliyooteshwa ikawa kimea ina kimeng'enya cha namna hiyo hiyo, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe hapa nchini walihimiza kina mama watie kimea kidogo katika uji mzito wa mtoto. Uji ule hulegea ukawa mwepesi kunyweka, ilhali chakula kilichomo hakikupungua. Kwa hiyo vimeng'enya si wageni katika majiko yetu.

Kila kimeng'enya kina kazi yake maalumu. Kinachovunja wanga hakivunji mafuta, na kinachovunja protini hakigusi wanga. Doa la damu, la maziwa, la yai au la jasho ni doa la protini, na ndilo linalong'ang'ania nguo hata kwa sabuni ya kawaida. Kimeng'enya cha kuvunja protini kikitiwa ndani ya sabuni hulikatakata doa hilo vipande vidogo vidogo, maji yakaliondoa bila ya nguo kuchemshwa. Kwa watu wa milimani, ambako maji ni baridi na kuni ni za kutafutwa, faida hiyo si ndogo.

Sasa tuje kwenye uvumi wenyewe. Insafu inatutaka tuseme kwamba haukuzuka patupu. Mwaka 1913 mkemia wa Ujerumani, Otto Röhm, alipata hataza ya kutia katika sabuni ya kufulia vimeng'enya vilivyotolewa kwenye kongosho za wanyama wa machinjioni, wakiwemo nguruwe. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo shaka ya msomaji wetu ingekuwa na mashiko makubwa. Lakini vimeng'enya vile vya kongosho havikustahimili ukali wa sabuni, na kongosho zenyewe hazikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Novo ya Denmark ilianza kuuza kimeng'enya kilichotokana na bakteria wa jamii ya Bacillus, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao makazi yao ni udongo wa kila mahali, bila shaka hata udongo wa mashamba ya Bombo. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri katika maji makali ya sabuni. Tangu hapo viwanda vya sabuni vimeegemea vimeng'enya vya vijidudu, na kongosho zikaachwa.

Jinsi kinavyopatikana ni habari inayostahili kusimuliwa hatua kwa hatua. Kwanza huchaguliwa mbegu, yaani aina moja tu ya bakteria iliyothibitika kuwa inatoa kimeng'enya kwa wingi. Njia ya kumtambua ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa: katika kisahani huwekwa utelezi mzito mithili ya jeli uliochanganywa na maziwa, ukawa mweupe, kisha bakteria wakapandwa juu yake. Anayetoa kimeng'enya cha kuvunja protini huyala maziwa yaliyomzunguka, ikaonekana duara angavu pembeni yake. Mwenye duara pana ndiye anayetafutwa. Huyo huhifadhiwa katika baridi kali sana, ili kila awamu ya uzalishaji ianze na mbegu ile ile.

Mbegu hiyo huamshwa katika chupa ndogo, ikahamishiwa katika pipa la kukuzia, na hatimaye katika tangi kubwa la chuma kisichoshika kutu, ambalo laweza kuchukua makumi ya maelfu ya lita. Ndani ya tangi kuna maji, wanga au sukari, unga wa soya au mabaki ya mahindi, na chumvichumvi za madini. Kabla ya bakteria kuingizwa, vyote hivyo huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi joto 121 hivi za Selsiasi, ili asibaki kijidudu mwingine yeyote. Hapa ndipo uchachushaji wa kiwandani unapotofautiana na mtungi wa maziwa ya mgando. Katika mtungi tunamwachia kila aliyeingia, na desturi ndiyo inayotulinda, ama kiwandani mgeni mmoja aliyepenya huweza kuharibu tangi zima.

Kisha hupulizwa hewa iliyochujwa, panga za ndani zikakoroga bila kusita, na joto na ukali wa maji vikapimwa saa zote. Baada ya siku mbili hadi nne bakteria huwa wameongezeka mno, na kwa kuwa hawa wa jamii ya Bacillus hukitema kimeng'enya nje ya miili yao, hakuna haja ya kuwapasua. Tangi hupozwa haraka, na kazi ya kusafisha ikaanza.

Kazi ya kusafisha ndiyo inayokula muda na fedha. Kwanza miili ya bakteria hutenganishwa na maji kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa au kwa kuchujwa. Maji yaliyobaki, ambayo ndiyo yenye kimeng'enya, hupitishwa katika utando wenye vitundu vidogo mno, maji na chumvi vikapita na kimeng'enya kikabaki. Pengine hutiwa chumvi nyingi ili protini zijitenge na kuganda. Chumvi itumikayo sana katika maabara kwa kazi hiyo ni salfeti ya amonia, ile ile ambayo wakulima wetu huinunua kwa jina la mbolea ya SA. Kikitakiwa kimeng'enya safi zaidi, kwa ajili ya hospitali au vipimo, hupitishwa katika mirija iliyojazwa chembechembe zinazokishika na kuwaachilia wengine.

Na kila hatua ina hasara yake. Tuchukue mfano: ikiwa kila hatua inaokoa asilimia 80 ya kimeng'enya, baada ya hatua tano kitabaki kama theluthi moja tu ya kile kilichokuwamo tangini. Ndiyo maana kimeng'enya cha sabuni husafishwa kwa kiasi cha haja tu, na cha hospitali kikawa ghali mara nyingi zaidi. Mwenye kukijua kiasi anachokihitaji ndiye anayepata faida.

Tena ipo ibra katika hatua ya mwisho. Mwanzoni kimeng'enya kilikuwa kikiuzwa kama vumbi laini, na mwaka 1969 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha habari za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni waliopatwa na ugonjwa wa pumu kwa kulivuta vumbi hilo. Tangu hapo viwanda vikaanza kukitengeneza kuwa chembe zilizofunikwa kwa nta au kitu mfano wake, ili kisipeperuke. Elimu isiyochunga mapafu ya mfanyakazi ni elimu pungufu, na anayetaka kuianza kazi hii kwetu na aanzie hapo walipofikia wenzetu, si pale walipoanzia.

Baada ya maelezo hayo, jibu la muulizaji linajitokeza lenyewe. Bakteria wa udongoni si najisi, soya na wanga si najisi, na asili ya vitu ni tohara mpaka ipatikane dalili ya kinyume chake. Sisi si mamufti, lakini kanuni waliyotuachia mafakihi iko wazi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Hivyo hatuoni msingi wa kuzitupa sabuni hizo kwa uvumi, wala wa kuzirudia swala.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili, tukasema kuwa kila kilichotoka kwa bakteria hakina suala. Yaliyotokea Indonesia yanatosha kuwa funzo. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Wanazuoni la nchi hiyo, MUI, lilitangaza kuwa kiungo cha chakula cha kampuni ya Ajinomoto si halali. Kiungo hicho hupatikana kwa uchachushaji wa bakteria, na katika bidhaa yenyewe hakikuonekana chochote cha nguruwe. Tatizo lilikuwa nyuma kabisa: chakula walicholishwa bakteria wakati wa kuhifadhiwa kilikuwa ni soya iliyovunjwa kwa kimeng'enya cha kongosho la nguruwe. Mapema mwaka 2001 kampuni ililazimika kuiondoa bidhaa hiyo madukani, na baadhi ya wakuu wake wakakamatwa. Rais wa wakati huo, Abdurrahman Wahid, ambaye naye alikuwa mwanachuoni, alikuwa na rai nyingine, akasema kuwa ni halali. Kampuni ikabadilisha kile chakula cha bakteria, ikatumia kisichotokana na nguruwe, na biashara ikaendelea.

Tunalolitaka msomaji alizingatie hapa si ni nani kati yao aliyepata. Masuala ya kitu kubadilika kikawa kitu kingine yana ikhtilafu ya tangu zamani: Mahanafi wameupanua mlango huo, na Mashafi, ambao ndio wengi katika pwani na bara yetu, wameubana. La kuzingatia ni kwamba waliobishana Jakarta walikuwa wanajua wanabishana juu ya nini. Walikuwa na wataalamu walioweza kuingia kiwandani, wakafuata mnyororo kutoka pakiti hadi tangi, na kutoka tangi hadi chupa ya mbegu. Je, sisi tunao wangapi wa namna hiyo?

Chukua jibini. Kwa karne nyingi maziwa yaligandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na mafakihi waliijadili hukumu yake kwa kirefu. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kimeng'enya hicho kitengenezwe na bakteria waliopandikizwa chembe ya urithi ya ndama, na leo sehemu kubwa ya jibini duniani hugandishwa kwa vimeng'enya vya vijidudu. Hukumu ya ndama aliyechinjwa bila kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu haiwezi kunakiliwa tu ikabandikwa juu ya tangi la bakteria. Panahitajika mtu anayezijua lugha zote mbili, ya fiqhi na ya maabara, au angalau watu wawili wanaokaa meza moja na kusikilizana.

Kwa hiyo tunasema kwa wazi: taasisi zetu zinazotoa vyeti vya halali, BAKWATA ikiwa mbele, ziwe na wanakemia na wanabiolojia katika kamati zake, wala wasiwe wa kuitwa siku ya sherehe tu. Na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vyakula nchini, lingewafaa walaji wote, Waislamu na wasio Waislamu, kama lingevitaka viwanda vitaje asili ya kimeng'enya: mnyama gani, mmea, ukungu au bakteria. Neno moja tu kwenye pakiti lingeuzima uvumi uliosumbua kijiji kizima.

Lipo jambo jingine lililo zito zaidi, nalo ni suala la nani anafaidika. Mapema miaka ya 1990 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester cha Uingereza walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya, yale ambayo wenyeji wanayajua kwa heroe wake. Katika maji hayo makali wanaishi bakteria ambao vimeng'enya vyao havishindwi na ukali wa sabuni. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikatengeneza kutokana nao vimeng'enya vya sabuni na vya kulainishia nguo za jinzi. Mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza kudai mgawo wa nchi, na mabishano yakawa marefu kuhusu ni nani aliyetoa ruhusa, na ruhusa ya nini. Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, wa kutafuta vijidudu kwa kugawana faida. Mwaka 2010 mataifa yakakubaliana huko Nagoya, Japani, juu ya kanuni za mgawo kama huo, zikaanza kutumika mwaka 2014.

Nasi Tanzania tunayo Natron, tunayo Manyara, na tunayo maziwa ya Momela. Kulalamika kuwa tumeibiwa ni wepesi. Lakini asiyejua thamani ya tope lililo chini ya miguu yake hawezi kuandika mkataba wa maana juu yake, hata akiwekewa kalamu mkononi. Elimu ndiyo hati ya kwanza ya umiliki.

Mtu wa Bombo atasema: hayo ni ya maziwa ya mbali na viwanda vya Ulaya, sisi yanatuhusu nini? Jibu letu liko katika ngozi za Idd el-Hajj. Kila mwaka huchinjwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, nyama ikagawiwa kama inavyotakiwa, na ngozi, aghalabu, ikatupwa. Ilhali imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipopita kwenye kondoo aliyekufa aliuliza kwa nini ngozi yake haikuchukuliwa ikadibaghiwa ili itumike. Na imepokewa kuwa alimwamuru Sayyidna Ali (R.A.) azitoe sadaka ngozi za ngamia waliochinjwa, wala asimlipe mchinjaji kwa sehemu yao. Ngozi basi ni haki ya maskini, nasi tunaiozesha.

Na kuoza huko ni nini? Ni kazi ya vimeng'enya vile vile. Ngozi isiyotiwa chumvi mapema huvamiwa na bakteria, vimeng'enya vyao vikaanza kuila protini bila mpaka, nywele zikanyonyoka na ngozi yenyewe ikatoboka. Mtengenezaji ngozi stadi huitumia nguvu hiyo hiyo kwa kipimo. Viwanda vingi huondoa nywele kwa chokaa na chumvi ya salfaidi, yenye maji taka ya sumu na harufu ya yai viza, ambayo ikikutana na asidi hutoa hewa inayoua. Kimeng'enya cha bakteria kinaweza kuilegeza mizizi ya nywele na kupunguza sana salfaidi hiyo. Huko Addis Ababa wanasayansi wa chuo kikuu, akiwemo Amare Gessesse, wamewatafiti bakteria wa maziwa ya magadi ya Ethiopia, pamoja na kazi hii ya ngozi. Kwa watu ambao mashamba yao yananyweshwa na ndiva, mabwawa waliyoachiwa na wazee wa Kipare, usafi wa maji yanayoteremka mlimani si suala la anasa.

Hatusemi kuwa njia hii haina taabu. Kimeng'enya kikiachwa muda mrefu huharibu uso wa ngozi, na bei yake huzidi ya chokaa. Wala hatusemi kuwa pajengwe Bombo tangi la uchachushaji, kwani tangi hutaka umeme usiokatika, mvuke na mafundi. Tunayoyasema yako ndani ya uwezo. Kamati ya msikiti inaweza kununua chumvi kabla ya Idd, ngozi zikapakwa siku ile ile zilipochunwa na kukusanywa mahali pamoja, thamani yake ikaelekezwa kwa wanaostahiki kwa kufuata maelekezo ya masheikh wao. Moshi kuna kiwanda cha ngozi cha Karanga, kilichozinduliwa mwaka 2020, na Mwanza kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam inayofundisha taaluma ya ngozi. Vijana wetu wanajua kuwa mlango huo upo?

Na wazazi wanaotoa fedha kwa ajili ya maulidi na harusi wajiulize ni mara ngapi wametoa kwa ajili ya maabara ya shule ya kata. Kisahani cha maziwa chenye duara angavu, akikisimamia mwalimu anayejua tahadhari zake, chaweza kumfungulia binti wa Kipare njia ya kuwa yeye ndiye atakayeketi katika kamati ya halali, au atakayesoma mkataba wa ziwa kabla haujatiwa saini. Wazee wa dini yetu walipoitafsiri na kuiongeza elimu ya tiba na kemia hawakuiona kuwa ni elimu ya wengine.

Vijidudu hivi vilikuwa udongoni kabla yetu, navyo vitaendelea kufanya kazi yake, ama ya kutuozeshea ngozi au ya kututengenezea. Mwenye elimu ndiye anayeichagua kazi hiyo. Tuwape watoto wetu elimu hiyo, na tuache kuzitupa sabuni jalalani.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.